Njia ya Shangazi

1

Ukifika bwawani asubuhi, kabla hujashika spana wala kumimina chai, unasimama ukingoni unasema kwa sauti ya kusikika: "Shangazi, tunapita." Halafu unangoja. Akitoa pua majini akapuliza, umeruhusiwa. Akinyamaza, nenda katafute kazi nyingine kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu pale mto Lyamba, na hakuna mkubwa yeyote aliyeiandika. Mtaalamu mmoja wa kompyuta alikuja na viatu vyake vyeupe, akaona haya kumwamkia mnyama mbele za watu. Tulimkuta juu ya paa la gari, kiatu kimoja kimebaki topeni, na wala hatukumpa pole.

Shangazi alikuwa kiboko wa mwisho wa kuzaliwa. Wengine wote mtoni walikuwa wa kuundwa, na mimi, Kalunde, ndiye niliyekuwa fundi wao. Jina la Shangazi alipewa kwa tabia zake. Anakaa panapomfaa yeye, hasogei, hapendezwi na lolote, na ukimletea zawadi anaipokea kama vile umechelewa. Kila ukoo una shangazi wa namna hiyo, na harusi haiendi bila yeye.

Viboko wa chuma hawakuwa na maneno. Jioni walitoka majini wakapanda mbugani, wakala nyasi, alfajiri wakarudi kuzimwaga mtoni zikiwa zimesagwa na kuchachuka. Kazi yao yote ilikuwa kula na kunya. Kaka yangu Desderi, mvuvi wa kijiji cha Kapele kule chini ya mto, alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mdogo wake kasomeshwa miaka yote ile ili aje kuchunga mavi. Nami nilikuwa simjibu, maana ni kweli.

Desderi hakuwahi kusogea bwawani. Baba yetu alikufa kwa meno ya kiboko, akivuka mto na mzigo wa chumvi, na Desderi, kijana mbichi wakati huo, ndiye aliyemkusanya. Aliapa hatamwamkia kiboko maishani mwake. Akija kunitembelea kazini anasimama kule barabarani ananipigia mluzi, nami natoka na mafuta ya gia mikononi, tunasalimiana kama watu waliokutana sokoni. Miaka ile ya ukame mkubwa, viboko wa kuzaliwa walipokwisha mmoja mmoja, alichinja mbuzi. Sikumlaumu hata kidogo.

Lakini baada ya viboko, samaki nao wakaanza kupungua. Kwanza perege walikonda, halafu wakaadimika, mwisho wavu ukawa unatoka na majani matupu. Watu walitafuta sumu wakaikosa. Maji yalikuwa safi kuliko zamani, na usafi huo ndio uliokuwa ugonjwa.

Haya nilielezwa na bosi wangu, Dokta Restituta, siku niliyochanika kiganja nikiosha tumbo la mmoja wa chuma. Dokta ni mtu wa maji. Anaweza kuongea juu ya tone moja mpaka chai ikapoa. Aliushika mkono wangu, akaniambia jani lililonikata lina kioo ndani yake. Mvua inaulamba mwamba, mwamba unayeyuka kidogo kidogo, nyasi zinaunywa na kuugeuza chembe za kioo ili zisitafunwe ovyo. Kioo hicho kingebaki mbugani siku zote kama si kiboko, anayekula nchi kavu na kunya majini. Humo majini kuna mwani mdogo, mdogo kuliko unga, unaojijengea nyumba kwa kioo kilekile. Vifaranga vya perege vinakula mwani, sisi tunakula perege. Kwa hiyo mtoto wa Kapele, Dokta alisema huku akinifunga kitambaa, analishwa na jiwe la mlimani, ila jiwe lenyewe halina miguu ya kumfuata. Kiboko akitoka hapo katikati, jiwe linabaki huko na mtoto anabaki huku.

Ndipo wakaundwa wa chuma. Dokta na wenzake walipima kila kitu cha kiboko: anakula nyasi gani, zinakaa tumboni kwa muda gani, zinatoka na joto gani. Walifaulu, perege wakarudi, na hata Desderi akapunguza utani. Kitu kimoja tu walikibadilisha kwa makusudi. Kiboko wa kuzaliwa ni mharibifu, anapita palepale kila siku mpaka panakuwa handaki. Wa chuma walipewa matairi mapana, laini, yanayopita juu ya ukingo bila kuacha alama. Picha ya tairi lile ilikuwa kwenye mabango yetu yote. Tulikuwa tunaliringia kweli.

Shangazi, yeye, hakuwa na matairi. Njia yake ilitoka bwawani ikapenya ukanda mnene wa matete mpaka kwenye mto wa juu, ule unaoteremka kutoka milimani, kwenye nyasi. Ukisimama ndani yake, kingo zinakufika kifuani. Kila kiangazi nilitumwa kuzitengeneza, na kila kiangazi nilimtukana Shangazi matusi ambayo shangazi yangu wa damu angenizaba kofi kwa kuyasikia. Nikishamaliza, anapita mara mbili, kazi yangu yote inakuwa uji. Mvua zikianza hatukusogea huko kabisa, kwa kuwa majira hayo alikuwa mkali zaidi, na matete na njia vyote vilikuwa vimefunikwa na maji.

2

Mwaka huo mvua ziliwahi kuisha. Mto ukasimama, ukabaki vidimbwi, vidimbwi navyo vikakauka, mpaka kutoka milimani hadi Kapele yakabaki maji ya bwawa la Shangazi peke yake. Tulikuwa tumehamishia humo vifaranga vyote vya perege tulivyoweza kuokoa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu ya mto mzima.

Mavi mtoni ni chakula maji yakitembea. Maji yakisimama, yanaoza, na yakioza yanakula hewa ambayo samaki wanavuta humo. Basi niliwazima wa chuma wote, nikawaingiza bandani nikawafunika turubai. Shangazi hakuwa na swichi. Jioni anakwenda kula, alfajiri anarudi na tumbo limejaa, analala katikati ya vile vifaranga na kufanya aliyozaliwa kuyafanya.

Kila asubuhi Dokta alitumbukiza kipimo cha hewa, akakitazama, akakipangusa na kanga yake. Vifaranga vilikuwa vinapanda juu kutweta midomo wazi, na pembeni kwenye povu vilielea vyeupe, vimegeuza matumbo.

Msidhani hatukuhangaika. Tulifunga mashine ya kupuliza hewa, tope likaikaba. Tulijenga birika la saruji upande wa pili wa kilima, tukalijaza maji ya kisima, tukamvuta Shangazi kwa matikiti mpaka huko. Aliingia, akazunguka, akatutazama kama mtu aliyepewa chumba kisicho na dirisha. Kulipokucha alikuwa kwake, amerudi kwa njia yake, amenuna. Tukajaribu kinyume, tukavihamisha vifaranga kwenye birika. Maji ya kisima hayakuwa na mwani, hayakuwa na chochote kinachoishi. Vilikufa kabla ya jioni. Daktari wa mifugo naye alisema ukimpiga mnyama mzee yule sindano ya usingizi na kumpandisha lori kwenye jua lile, moyo utasimama njiani. Na apelekwe wapi? Hapakuwa na bwawa lingine.

Sheria iliruhusu kiboko wa kuzaliwa auawe kwa sharti moja zito: kijiji kinachotegemea maji yale kikubali, na mtunzaji wake pia akubali. Mtunzaji alikuwa mimi. Sijui ni nani aliyetunga sheria ile, lakini naamini hakuwahi kumlisha mnyama kwa mkono wake.

Kapele waliitisha mkutano. Wengi walisema wanachokijua: bila mbegu ile hakuna samaki mwaka huu wala mwaka ujao, na bila samaki hakuna Kapele. Nyumba ya jirani ya mama yetu ilikuwa tayari imepigiliwa misumari mlangoni, wenyewe wameshahamia mjini kwa ndugu. Nilimngoja Desderi asimame amwage yote ya baba. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu, tena kwa ukali. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Mimi mnitoe. Mimi ningesema auawe hata bwawa lingekuwa limefurika. Muulizeni Kalunde, yeye anampenda."

Akaketi. Mkutano mzima ukanigeukia, nikatamani angenitukana.

Nilirudi kazini kwa miguu, Dokta pembeni yangu. Tulitembea mpaka karibu na banda ndipo akasema, "Dada Kalunde, ukikataa sitakulaumu. Ukikubali pia sitakulaumu. Mimi mwenyewe sijui lipi ni baya zaidi." Nilimuuliza vifaranga vitafika lini mwisho. Alisema havitamaliza wiki. Nikamuuliza Shangazi amebakiza umri gani. Akasema labda miaka kumi, viboko wanaishi sana. Nilikaa juu ya tairi bovu nikalia, na Dokta akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri, akaningoja.

Nilikubali. Ningependa kusema nilipima haki ya huyu na haki ya yule, lakini kilichonishinda ni ile misumari mlangoni kwa jirani. Akilini nilimwona mama akipigiliwa mlango wake.

3

Kila Jumapili nilikuwa na desturi ya kumpelekea Shangazi tikiti. Namwita, anakuja, anafungua lile domo lake lenye harufu ya kinamasi kizima, naliweka ndani, analivunja kwa mara moja, maji mekundu yanamchuruzika. Halafu anafungua tena, kwa sababu hakuamini kwamba mtu mwenye akili angeleta moja.

Dawa ilitiwa kwenye matikiti. Daktari wa mifugo alisema haina maumivu, ni usingizi tu. Matikiti aliyaleta Desderi. Aliyalima mwenyewe kwenye kijibustani karibu na kisima, akiyanyeshea kwa kopo wakati watu wanagombania ndoo. Alipoyashusha barabarani nilimwambia aondoke. Hakuondoka. Alinifuata mpaka ukingoni, mara ya kwanza maishani mwake, akasimama nyuma yangu mikono imeshika mkanda.

Nikasema, "Shangazi, tunapita."

Alitoa pua akapuliza. Nilitumaini angenyamaza siku ile. Ningekwenda kuwaambia wote kwamba hakuruhusu, na wenzangu wa bwawani wangenielewa.

Alikuja hadi miguuni pangu, maji hayakumfika hata tumboni tena, mgongo umepasuka kwa jua. Akafungua mdomo. Tikiti la kwanza liliniponyoka, likavingirika topeni, na yeye akaliokota mwenyewe kwa midomo, taratibu, akanitazama kwa lile jicho dogo kama anayesema hivi leo umekuwaje. Nilimpa la pili, nikampa la tatu. Nilimwambia nisamehe. Nilimwambia kwa Kiswahili na kwa kilugha cha mama yangu, ingawa najua hakujua lugha yoyote zaidi ya sauti yangu.

Hakulala pale. Aliposikia mwili unalegea aligeuka, akatoka majini, akashika njia yake kwenda kwenye nyasi. Alikwenda mwendo mfupi kati ya matete, akapiga magoti ya mbele, akaweka kidevu chini. Niliingia nikakaa naye, mkono wangu shingoni mwake, mpaka pumzi ilipokwisha. Nilipotoka nilimkuta Desderi palepale ukingoni, uso wake umelowa. Aliniambia alidhani siku hiyo angefurahi.

Tuliwasha viboko wa chuma wakaja kumvuta. Walimfunga minyororo wakamkokota mpaka mbugani, kimya kabisa, na matairi yao laini hayakuacha alama yoyote nyuma ya mwili ule mkubwa. Tulimzika mbali na maji kwa sababu ya dawa. Kabla wiki haijaisha, hewa ilirudi bwawani. Vifaranga vikaacha kutweta. Vilianza kuzunguka kwa makundi, na Dokta alinionyesha kipimo, nikasema ahsante.

4

Kwetu mtu akifa, watu wanakaa matanga, na siku ya kuanua matanga kuna kazi moja haikosekani: ua unafagiliwa. Mikeka inakunjwa, majivu yanazolewa, na nyayo za marehemu, pale mlangoni alipozoea kupita, zinafutwa kwa ufagio. Wazee wanasema ni heshima. Asije akarudi akaona mahali pake panamngoja, akashindwa kwenda anakokwenda.

Shangazi tulimkalia matanga. Ofisi ya mjini wangecheka wakisikia, lakini sisi wa bwawani tulikaa kwenye mikeka kando ya banda, tukapika uji, tukasimuliana jinsi alivyomfukuza yule wa viatu vyeupe. Tulicheka mpaka tukalia. Siku ya kuanua, mmoja wetu akauliza ua wa Shangazi ni upi, tuufagie.

Sote tukaitazama njia yake.

Haikuwa amri ya mtu. Miongozo ya kazi nayo ilitaka kingo zitengenezwe, kwa hiyo hata Dokta hakuona ubaya. Alichukua beleshi akaingia topeni pamoja nasi. Tulikata udongo wa mfinyanzi kutoka kichuguuni, tukaushindilia njiani tabaka juu ya tabaka mpaka handaki likajaa. Mimi ndiye niliyefanya bidii kuliko wote. Kila nilipopita pale niliona alama ya kidevu chake ardhini, na nilitaka isiwepo. Tulipanda nyasi juu, matete yakaanza kuchipua pande zote mbili na kushikana mikono. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, ukingo wa Lyamba ulikuwa sawasawa na ule wa kwenye mabango. Nililala vizuri siku hiyo. Nilihisi nimemsindikiza.

5

Mawingu yalipotanda milimani, Kapele nzima ilipanda kuja bwawani. Ilikuwa sikukuu. Maji ya mto yakifika bwawani yanalijaza, yanalipita, yanateremka kijijini na vifaranga ndani yake. Wanawake walikuja na sufuria, watu wakapiga vigelegele radi ilipolia. Desderi alikuwa amevaa shati la kanisani. Alasiri tukausikia mto. Uliunguruma huko juu, ukakaribia, tukasimama wote.

Halafu mngurumo ukahama. Ulikuwa mbele yetu, ukawa upande wa magharibi, ukaenda ukipungua. Bwawa lilikaa lilivyokuwa, linapigwapigwa na matone ya mvua.

Dokta na mimi tulipita kwenye matete, tukishikana mikono, mpaka upande wa pili. Mto ulikuwa umefika. Ulikuwa umekuja moja kwa moja pale pale ulipozoea, ukakuta mlango umefungwa. Magogo na tope vilikuwa vimejirundika juu ya udongo wetu tulioushindilia, vikaufanya ukuta mnene zaidi, na maji yote, mekundu, mengi, ya mwaka mzima, yalikuwa yamegeukia bonde la magharibi, kwenye mbuga ya chumvi ambako hakuna mtu wala samaki. Yalikuwa yameshachimba kitanda kipya. Yalikwenda kwa kasi kama yamechelewa mahali.

Dokta alikaa chini palepale kwenye mvua. Kisha akasema, "Tulipima tumbo lake, Kalunde. Miguu yake hatukuipima."

Nilikuwa nauona ule uharibifu niliokuwa nautengeneza kila kiangazi na kuulaani. Uzito ule, kila jioni na kila alfajiri, palepale, ukilishindilia tope na kuyavunja matete yasizibe. Kabla yake mama yake, na kabla ya mama yake wengine wengi, wakati mto ulikuwa na viboko kila kona. Mto haukuwa umejichagulia njia. Ulikuwa unafuata nyayo. Na sisi tukazifagia, kwa heshima, kama tulivyofundishwa.

Mvua za juu ya bwawa peke yake hazikutosha. Jua lilirudi, maji yakateremka, na vifaranga vikaanza tena kutweta. Watu walivichota kwa mabeseni na vyandarua, wakakimbia navyo kuelekea mto mpya wa magharibi, lakini mkondo uliviteremsha vyote kwenye mbuga ya chumvi, na maji ya huko yaliviua vilipoyagusa tu. Siku ya mwisho nilimkuta Desderi amepiga magoti ndani ya tope, beseni mapajani. Vilikuwa vimebaki vichache, vyembamba kama sindano. Alikuwa anavipulizia kwa mdomo, anavipulizia hewa, mtu mzima yule. Nilimshika bega. Hakuniuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa, kwamba yule sasa tulimuulia nini. Alisema tu kwamba yale matikiti aliyanyeshea kwa maji ya kunywa.

Nilitaka kuacha kazi. Dokta alitaka kujiuzulu. Hakuna aliyefanya hivyo, kwa sababu njia ilikuwa bado imezibwa. Uliletwa mtambo wa kuchimba, ukazama kwenye matete mpaka kwenye kioo cha dereva, na upo huko mpaka leo. Tuliwapakia viboko wa chuma mawe migongoni, mengi, tukawapitisha huku na huko. Matairi yao hayakuzama. Yalitengenezwa yasizame. Tukaingia na majembe, tukachimba handaki, na kesho yake tope lilikuwa limeteleza na kulijaza. Tope la kinamasi ukilichimba linarudi. Ukilikanyaga, na ukalikanyaga tena kesho, na keshokutwa, linakubali.

Kwa hiyo tunakanyaga. Kila asubuhi waliobaki Kapele wanapanda kuja, wanaume na wanawake, wengine na ng'ombe wao, wengine wamebeba mawe kichwani ili wawe wazito. Tunakwenda mstari mmoja kutoka bwawani hadi mto wa juu, jioni tunarudi. Mama yangu anakaa kwenye kiti ukingoni anatuambia nani anakanyaga kwa uvivu. Nyumba nyingine mbili zimepigiliwa misumari tangu tuanze. Dokta anatembea nyuma yangu na kipimo chake kimening'inia shingoni. Amekokotoa inachukua watu wangapi kufikia uzito wa mnyama mmoja, akaniambia, nikamwomba asiwaambie wengine. Mvua nyingine zitakuta njia imefunguka, au zitatukuta hatujafika nusu. Sijui.

Siku ya kwanza ya kazi hiyo tulijipanga pale mwanzo wa njia, tumekunja suruali na kanga. Desderi ndiye aliyekuwa mbele, kwa kuwa ni mzito kuliko sisi wote. Mguu wake ulikuwa umeshanyanyuka, akaurudisha. Akavua kofia. Akatazama lile bwawa bovu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Shangazi, tunapita."

Tukangoja kidogo, kama tulivyozoea kumpa nafasi ya kukasirika, kisha tukaingia topeni.